Bakteria wa tumboni amefikaje kwenye damu ya mtoto asiyehara?

*"Mwanangu ana miezi 14, tunaishi Pipeline, Embakasi. Krismasi tulikuwa Busia kwa nyanyake, tukarudi naye akiwa na malaria. Alitibiwa akapata nafuu, lakini baada ya siku kumi hivi homa ikarudi. Hakuhara hata siku moja, hakutapika. Kliniki ya mtaani walipima malaria wakasema hakuna, wakapima Widal wakasema ni taifodi, wakatupa dawa ya maji. Siku ya tano homa bado iko, tukaenda hospitali kubwa. Walitoa damu wakaiweka kwenye chupa, na baada ya siku tatu tukaambiwa kuna Salmonela ambaye si wa taifodi, bakteria wa tumboni aliyeingia kwenye damu. Damu yake pia iko chini, 7.4. Anadungwa seftriaksoni, leo ni siku ya nne, na homa imeshuka. Kitu sielewi ni hiki: mdudu wa tumbo anaishije kwenye damu, na tumbo lenyewe halina shida? Au maabara ilikosea? Damu ya mtoto imechafuka? Wifi yangu anasema ninunue dawa ya kusafisha damu, mama mkwe anataka nimpe dawa ya kuongeza damu, na baba mtoto anauliza kama tunaweza kurudi nyumbani tumalizie na dawa ya maji. Kuku wa jirani wanaingia hadi mlangoni. Na mtoto alidungwa chanjo ya taifodi akiwa na miezi tisa!"*

Mama, pole na siku za wodini. Maswali yako ni mengi lakini mzizi wake ni mmoja: unaona kwamba kijidudu cha tumbo kikipatikana kwenye damu, basi ama kuna mtu amekosea, ama damu yenyewe ina kasoro. Kwa maelezo uliyotoa sioni aliyekosea hospitalini, na damu ya mwanao haijachafuka.

Tuanze na maabara. Kuna bakteria wa ngozini ambao huponyoka wakaingia kwenye chupa sindano inapochomwa, na wakiota daktari hujiuliza kama wametoka kwenye damu au kwenye ngozi. Salmonela hayumo katika kundi hilo. Akiota kwenye chupa ya damu, huhesabiwa kuwa alikuwa ndani ya damu. Tena ameota ilhali mtoto alikuwa ameshakunywa dawa ya maji kwa siku kadhaa, jambo linalonifanya nidhani dawa ile haikumgusa sana. Ugonjwa huu mara nyingi huwa na bakteria wachache mno, hata mmoja tu katika mililita nzima ya damu. Ndiyo sababu mhudumu alihitaji mililita kadhaa kutoka kwa mtoto mdogo hivyo, na ndiyo sababu kipimo hiki hukosa wagonjwa wengi ambao kweli wanaumwa. Wewe umepata jibu. Wazazi wengi hulikosa.

Hiyo hesabu ya bakteria mmoja kwa mililita ndiyo inayofungua fumbo lako. Homa ya kutisha, na damu karibu tupu? Ni kwa sababu Salmonela haishi kwenye damu. Damu kwake ni barabara. Nyumbani kwake ni ndani ya seli nyeupe zilizoko kwenye bandama, ini na uboho wa mifupa, seli zile zile zilizoumbwa kumuua.

Anafikaje huko? Mtoto humeza bakteria kupitia maji, uji au kidole. Wanaopona asidi ya tumbo hufika mwisho wa utumbo mwembamba, ambako ukuta una vituo vidogo vya kinga vyenye seli za kuchukua sampuli ya kila kinachopita. Salmonela huingilia hapo. Usoni mwake ana kifaa kama sindano. Anakidunga kwenye seli na kumimina protini zinazoilazimisha seli imkunjie ndani. Akitokea upande wa pili anapokewa na makrofaji, seli nyeupe kubwa ambayo kazi yake ni kumeza vijidudu na kuviyeyusha. Kwa bakteria wengi wa tumboni safari huishia hapo. Salmonela akishamezwa huhisi asidi na uhaba wa magnesiamu ndani ya kifuko alimofungiwa, akajua yuko wapi. Anabadilisha utando wake wa nje, anawasha kifaa cha pili cha kudungia ambacho ni tofauti na kile cha utumboni, na kwa protini za hicho cha pili anazuia kifuko kisimiminiwe kemikali za kumuua. Anaanza kuzaana humo humo. Na kwa kuwa makrofaji husafiri, naye anasafirishwa.

Kuna nyakati lazima atoke nje ya seli, na hapo damu humkabili. Damu ina kundi la protini ziitwazo komplimenti, ambazo hujipanga juu ya bakteria na kumtoboa. Salmonela amevikwa minyororo mirefu ya sukari inayofanya protini hizo zijengeke mbali na utando wake, zikashindwa kumtoboa. Damu pia humnyima madini ya chuma: chuma chote kimeshikwa na protini za mwili, na bakteria asiye na chuma hazaani. Yeye hutoa molekuli za kunyang'anya chuma hicho. Mwili nao una protini ya kuzinasa molekuli hizo, lakini Salmonela huzipachika sukari zikawa hazinasiki tena. Ni mashindano ya muda mrefu sana, na kila upande una jibu kwa hila ya mwenzake.

Haya yote Salmonela wengi wanayaweza kwa kiasi fulani, hata wale wa Ulaya ambao kwa kawaida humharisha mtu siku chache wakaisha. Walio kwetu wana zaidi. Katika Afrika kusini mwa Sahara, sehemu kubwa ya maambukizi ya damu ya aina hii husababishwa na ukoo mmoja wa Salmonela Typhimurium unaoitwa ST313. Jenomu ya mmoja wao, yaani maandishi yote ya jeni zake, aliyepatikana kwenye damu ya mtoto nchini Malawi, ilichapishwa mwaka 2009, na jambo la kusisimua lilikuwa vile alivyovipoteza. Jeni nyingi zimevunjika, zikiwemo za aina ambayo bakteria huzihitaji aishi utumboni. Bakteria wa taifodi, ambaye ameshazoea mwili wa binadamu peke yake, naye ana jeni zaidi ya 200 zilizokufa. Inaelekea ST313 anaifuata njia hiyo hiyo, ingawa hajaenda mbali kama mwenzake.

Kupoteza kwenyewe wakati mwingine ni faida. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba jeni moja iliyovunjika ndani ya ST313 ilikuwa ikizizuia seli fulani za kinga zisitembee. Ilipokufa, seli zilizombeba bakteria zikawa huru kuhama kutoka utumboni, naye akafika kwenye tezi za limfu haraka zaidi. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba badiliko la herufi moja tu, katika jenomu ya herufi karibu milioni 5, humfanya atengeneze kwa wingi kimeng'enya kinachokatakata zile protini za komplimenti. Herufi moja, na damu inakuwa pahali anapoweza kupumua.

Sasa swali la kuhara. Kuhara hakuletwi na uwepo wa bakteria tu. Huletwa na vurugu: kinga ya utumbo inagundua mkia wa kuogelea wa Salmonela na protini zile anazodunga, inaita seli nyeupe kwa maelfu, ukuta unavimba, maji yanamiminika. ST313 hutengeneza protini ya mkia kwa kiasi kidogo na huamsha kinga kidogo zaidi. Anapita kimya. Kwa hiyo tumbo kutulia hakupingani na jibu la maabara. Kwa ugonjwa huu homa isiyo na chanzo cha wazi ndiyo dalili ya kawaida, wakati mwingine na kikohozi au kupumua haraka, hata watu wakadhani ni nimonia. Sisemi kila anayeupata huwa hahari, wapo wanaohara. Na karatasi yako ya maabara pengine haijautaja ukoo, wala daktari hauhitaji ili atibu.

Lakini kwa nini yeye, na kwa nini sasa, ilhali wengine nyumbani wanakunywa maji yale yale? Umejibu mwenyewe kwenye swali lako: miezi 14, malaria, damu 7.4.

Kingamwili alizopewa na wewe akiwa tumboni huisha katika miezi ya kwanza, na zake za kupigana na Salmonela hujengeka taratibu hadi mwaka wa pili na kuendelea. Katikati kuna pengo, naye yuko ndani yake. Kisha malaria. Kimelea cha malaria hupasua chembe nyekundu, na rangi yake yenye chuma, yaani hemu, humwagika kwenye damu. Hemu huru ni sumu, kwa hiyo mwili huwasha kimeng'enya cha kuivunja. Kinga hiyo ina gharama: nutrofili, seli nyeupe zinazotakiwa kumuua Salmonela kwa mlipuko wa kemikali za oksijeni, hutoka ubohoni zikiwa changa na mlipuko wake ukiwa dhaifu. Hali hiyo huendelea hata baada ya vimelea kuisha, ndiyo maana kipimo cha malaria cha kliniki kingeweza kuwa sahihi kabisa na bado malaria ikawa ndiyo iliyofungua mlango. Makrofaji nazo zinakuwa zimeshiba mabaki ya chembe zilizopasuka, mabaki yaliyojaa chuma. Huko Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba malaria ilipopungua, maambukizi ya bakteria kwenye damu za watoto yalipungua nayo, na kwamba pale malaria ilipokuwa nyingi, zaidi ya nusu ya maambukizi hayo ilitokana nayo. Hapa Nairobi malaria kwa kawaida ni ya safari. Mkienda tena Busia, chandarua chenye dawa kila usiku, na mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, usiridhike na kipimo cha malaria peke yake.

Kuhusu Widal nitasema wazi: usikubali tena kipimo kimoja cha Widal kiwe ndicho kinachoamua dawa ya mwanao. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki baada ya ugonjwa wa zamani, huamshwa na malaria, tena Salmonela wa taifodi na Typhimurium wana sehemu ya koti la sukari inayofanana, hivyo kingamwili za mmoja zinaweza kumwitikia mwingine. Majirani zako wengi wangepimwa leo huenda wangeambiwa wana kitu. Kwenye homa inayopita siku tatu bila chanzo, dai kuotesha damu, na damu itolewe kabla ya antibayotiki ikiwa mtoto hajazidiwa.

Dawa sasa. Baba mtoto ana hoja, wodi ni gharama na ni uchovu, lakini jibu linategemea karatasi ya pili ya maabara, ile ya kuonyesha dawa zipi zinamuua bakteria huyu. Iombeni muione. Salmonela wa damu hapa nchini mara nyingi hawasikii ampisilini, kotrimoksazoli wala kloramfenikoli, na mwaka 2015 watafiti waliripoti ST313 wa Kenya wasiosikia hata seftriaksoni. Kwa mwanao homa imeshuka, dalili nzuri. Kawaida matibabu haya huchukua kati ya siku 7 na 14, na urefu huo hautokani na uoga wa daktari: bakteria wamejificha ndani ya seli, ambamo dawa huwafikia kwa shida na wao wenyewe hupunguza mwendo wa kuzaana. Ukikatiza siku ya nne kwa sababu homa imeshuka, waliobaki kwenye uboho na bandama watarudi barabarani.

Kuna njia ya katikati. Seftriaksoni inaweza kudungwa mara moja kwa siku, kwa hiyo mtoto akiwa hana homa, ananyonya, anacheza na damu haishuki, mwulizeni daktari kama mnaweza kulala nyumbani na kurudi kila siku kudungwa. Iwapo hospitali iko mbali au huna hakika ya kufika kila siku, baki. Kuhamia dawa ya maji, kwa mfano azithromaisini, ni uamuzi wa daktari akiwa na ile karatasi mkononi. Dawa ya maji mliyopewa mtaani msiirudie. Halafu kuna mtego mmoja unaowanasa hata baadhi ya wahudumu: karatasi inaweza kuonyesha jentamaisini, antibayotiki nyingine ya sindano, kuwa inafaa. Kwenye sahani ya maabara inamuua kweli. Ndani ya seli haiingii vya kutosha, kwa hiyo kwa Salmonela haitegemewi peke yake hata karatasi ikiisifu.

Dawa ya kusafisha damu ya wifi, hapana. Hakuna uchafu wa kusafisha, na chupa hizo za mitishamba hazisemi ndani mna nini. Ini la mtoto wa miezi 14 aliyetoka kwenye malaria halihitaji mzigo wa pili. Dawa ya kuongeza damu ya mama mkwe ni jambo tofauti, na nakuomba usimkatalie kwa dharau kwa sababu ana haki nusu. Mtoto wa 7.4 anahitaji madini ya chuma. Wakati ndio si huu. Kumbuka bakteria huyu anatafuta chuma kwa udi na uvumba, na mwili wenye homa hukificha makusudi, hata utumbo hukinyonya kidogo. Mshauriane na daktari aanze matone ya chuma maambukizi yakishatibiwa, na kwa kawaida huendelea kwa miezi mitatu hivi ili akiba ijae. Chakula hakina katazo: maini yaliyoiva, omena, maharagwe, mboga za majani, endelea navyo tangu leo, pamoja na kunyonya.

Kuku wa jirani wasichinjwe kwa kosa lisilo lao. Watafiti walipolinganisha Salmonela wa watoto wagonjwa na wale wa nyumbani kwao Nairobi, waliofanana zaidi walitoka kwa watu wa familia wasio na dalili yoyote, si kwa mifugo. Kuku wanaweza kubeba Salmonela wa aina nyingine, kwa hiyo wasikanyage unapopikia, lakini macho yako yawe zaidi kwenye mikono, choo na maji. Hata hivyo usimpe kila mtu nyumbani antibayotiki ili kuwasafisha. Kwa mbebaji mzima wa afya dawa hizo zinaweza hata kurefusha muda anaotoa bakteria kwenye choo, na zinazalisha bakteria sugu. Mtoto mwenyewe anaweza kuwatoa kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kinyesi cha nepi kimwagwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumbadilisha na kabla ya kugusa uji wake.

Maji ya mtungi wa lita 20 yachemke hadi mapovu makubwa yatokee, dakika moja inatosha. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini Salmonela hufa kabla ya hapo. Ukitumia klorini, fuata kipimo cha kwenye chupa, ngoja dakika 30, na maji yenye tope yachujwe kwanza. Uji ndio watu husahau. Uji uliopikwa asubuhi na kuwekwa vuguvugu hadi saa kumi jioni ni chakula cha bakteria kama kilivyo cha mtoto. Pika kidogo kidogo, au uchemshe upya kabisa kabla ya kumpa.

Chanjo aliyopata haikufeli. Chanjo ya taifodi iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2025 hufundisha mwili kulitambua koti moja la nje la bakteria wa taifodi, na Typhimurium hana koti hilo. Bado inamkinga na taifodi, ambayo Nairobi haijaisha. Chanjo za Salmonela huyu wa pili ziko kwenye majaribio.

Kabla hamjatoka hospitalini, omba vipimo viwili kama havijafanywa. Cha kwanza ni VVU, kwa mtoto na kwa wewe ikiwa hujapimwa karibuni, maana kinga iliyoshuka ni njia nyingine ya Salmonela kupenya. Cha pili ni selimundu, hasa kwa kuwa familia ina asili ya magharibi. Watoto wenye selimundu hupata Salmonela kwenye mifupa. Apimwe pia mzingo wa mkono wa juu: chini ya sentimita 12.5 anahitaji mpango wa lishe, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali.

Mkiwa nyumbani, msingoje kesho iwapo homa itarudi, hata kama ni wiki mbili baadaye. Mrudishe mara moja, usiku ukiwa usiku, akikataa kunyonya, akilegea au kusinzia kupita kawaida, akipata degedege, utosi ukivimba au shingo ikikakamaa, akivuta pumzi 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, viganja vikiwa vyeupe, au akikataa kutumia mguu au mkono mmoja na kulia ukiugusa. Hilo la mwisho watu hudhani ameanguka. Mwambie daktari wa zamu maneno haya: alikuwa na Salmonela kwenye damu, naomba mwangalie mfupa. Beba karatasi zote mbili za maabara, kwa sababu daktari wa zamu ya usiku huenda hakuwahi kumwona mwanao.